Almasi ya Mwadui na Ng'ombe wa Mahari: Historia Fupi ya Ndoa ya Kisukuma

Mwezi Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui, lilipatikana jiwe la almasi la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, mjiolojia wa Kikanada John Williamson, aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, hakuliuza. Alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye alifunga ndoa na Philip tarehe 20 Novemba mwaka huohuo. Jiwe lilichongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, kazi ya nyumba ya Cartier. Malkia alilivaa pambo hilo katika hafla nyingi hadi uzeeni mwake.

Huwa nakitumia kisa hiki ninapofundisha historia ya Kanda ya Ziwa, kisha nawauliza wanafunzi: zawadi ile ilimfunga nani na nani? Baada ya kimya kifupi, jibu huwa lilelile. Haikumfunga mtu. Mtoaji hakuwa mkwe wala shemeji wa yeyote. Mpokeaji hakudaiwa chochote na watu wa Mwadui. Na majina ya vibarua waliochimba kifusi kile hayamo katika simulizi inayojulikana duniani.

Sasa tuvuke uzio wa mgodi, katika vijiji ambavyo leo vimo ndani ya Wilaya ya Kishapu. Mwaka uleule familia za huko nazo zilikuwa zikipelekeana mali kwa ajili ya harusi. Mali yao ilikuwa na kwato. Na kila ng'ombe aliyetoka zizi moja kwenda jingine aliacha nyuma yake mashahidi, madeni, haki na wajibu, vyote vikijulikana kwa majina ya watu.

Naandika makala haya kwa sababu mjadala wetu kuhusu mahari umekwama mahali pabaya. Upande mmoja wapo wanaosema mahari ni kuuza binti, ifutwe. Upande wa pili wapo wanaosema ni mila yetu, isiguswe. Pande zote mbili zinazungumzia bei. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa zamani ulikuwa na mambo matatu: mali, ushahidi na wajibu. Katika kipindi kisichozidi karne moja tumeibakiza mali na kuipandisha thamani, huku ushahidi na wajibu vikiachwa njiani. Anayelipia hasara hiyo zaidi ni mwanamke.

Majembe yalitangulia

Wengi huamini kwamba Msukuma na ng'ombe wa mahari ni kitu kimoja tangu mwanzo wa dunia. Historia haisemi hivyo. Kabla ya ukoloni, majembe ya chuma yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa mahari Usukuma na Unyamwezi. Mengi yalifuliwa na wahunzi Warongo wa upande wa Geita, watu walioyeyusha mawe ya chuma na kuuza majembe yao mbali na kwao. Leo tukisikia Geita tunawaza dhahabu. Katika karne ya 19, madini ya huko yaliyogusa ndoa za Wasukuma yalikuwa chuma.

Miaka ya 1890 ikaja sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Mazizi yalibaki matupu, lakini watu hawakuacha kuoana. Mbuzi na majembe vilisaidia kuziba pengo hadi mifugo ilipoongezeka tena. Baadaye likaja zao la pamba. Kufikia miaka ya 1950 Usukuma ilikuwa kitovu cha pamba cha Tanganyika, na wakulima wake walikuwa na ushirika wao mkubwa, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Sehemu kubwa ya fedha ya pamba iligeuzwa ng'ombe, na ng'ombe wakageuzwa ndoa.

Hapa kuna somo la kwanza. Kitu kinachotolewa mahari kimebadilika mara kadhaa kulingana na uchumi wa wakati. Kwa hiyo anayedai kwamba idadi fulani ya ng'ombe ndiyo mila yenyewe, anachanganya chombo na kilichomo ndani yake.

Kikao kilivyokuwa

Kwa Kisukuma kuoa ni kutola, na kutoa mahari ni kukwa. Kati ya kutola na kukwa kulikuwa na safari ndefu. Upande wa kijana ulimtuma mshenga, mtu mzima mwenye ulimi laini na subira, asiyekasirika upesi. Upande wa binti ulipokea ujumbe, ukauliza ukoo, ukapeleleza habari za magonjwa na ugomvi wa zamani, kisha ukapanga siku ya kikao.

Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara kadhaa, upande wa kuoa na upande wa kuozesha. Wazee huketi pande mbili zikitazamana. Njiti hupangwa chini, moja kwa kila ng'ombe anayetajwa. Upande mmoja huongeza, upande mwingine huondoa, na maneno huwa mengi kuliko njiti. Anayetazama kwa haraka ataona soko. Anayetulia ataona kwamba kila njiti ina mwenyewe: huyu ng'ombe anatoka kwa baba mzazi, huyu kwa baba mdogo, yule kwa mjomba. Na kule wanakokwenda pia wana wenyewe: wa baba, wa mjomba wa binti, na wale watakaosubiri zizini hadi kaka wa binti atakapotaka kuoa.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, mara nyingi hupewa kalamu niandike. Katika kikao kimoja nilikuwa nimeorodhesha waliozungumza tu. Mzee mmoja aliinama karibu yangu akasema, "Mwalimu, andika na waliokaa kimya. Nao wamesikia." Sijawahi kupata maelezo mafupi zaidi ya maana ya ushahidi.

Harusi yenyewe, winga, ilikuwa na desturi ya kufanyika nyumbani kwa wazazi wa binti. Kijana alikwenda huko na kundi la wenzake, wakapokewa, wakalishwa, wakaimbiwa na kujibu. Usukuma ni nchi ya vyama vya ngoma, na mashindano ya Bagika na Bagalu yanajulikana hadi leo. Watu waliozoea kushindana kwa ngoma hawakosi la kuimba harusini. Mara nyingi wanandoa wapya waliishi kwanza upande wa mke kwa muda kabla ya kuanza mji wao. Kijana alilima mbele ya macho ya wakwe zake, huku akishika adabu kali ya kujitenga na mama mkwe. Naam, ulikuwa muda wa heshima, lakini pia ulikuwa muda wa kuchunguzwa. Binti hakupelekwa ugenini siku moja baada ya sherehe bila mtu wa kumtazama.

Ndoa ikiyumba, wale waliotoa ng'ombe na wale waliopokea walikuwa na sababu ya kuitana. Ikivunjika kabisa, ng'ombe walirudishwa baada ya kupunguzwa kwa kuzingatia watoto waliozaliwa. Kwa hiyo mgogoro wa watu wawili ulikuwa mgogoro wa mazizi mengi.

Nisieleweke vibaya. Utaratibu huu haukuwa pepo ya wanawake. Baba aliyekwisha kuwatumia ng'ombe kumwozea mtoto wake wa kiume alikuwa na kila sababu ya kumrudisha binti yake kwa mume mkatili, maana binti akibaki nyumbani ng'ombe watadaiwa. Katika kikao chenyewe binti alisemewa zaidi kuliko alivyosema. Watoto walihesabiwa upande wa baba kwa sababu ya ng'ombe, hata kama mama ndiye aliyewalea peke yake.

Na haikuwa njia pekee. Wasukuma na Wanyamwezi walijua pia ndoa isiyo na mahari, butende, ambamo watoto walihesabiwa upande wa mama hadi baba yao atakapotoa malipo ya kuwakomboa. Vijana waliotoroka pamoja nao walikuwapo, na wazee walikuwa na njia zao za kuurekebisha utoro ule baadaye kwa faini na mazungumzo. Mfumo ulikuwa na milango mingi, lakini kila mlango ulikuwa na jina, na kila mtu alijua nani ameingilia wapi.

Mila ilipoandikwa karatasini

Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Ni kazi ya thamani, nami huwaelekeza wanafunzi wangu kuisoma. Lakini tuitazame kwa jicho la mwanahistoria. Jambo lililokuwa likijadiliwa kikaoni, kwa kutazama hali ya kila familia, liligeuka kanuni yenye namba. Na watu walioulizwa kanuni hizo walikuwa zaidi machifu na wazee wa kiume.

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka sheria moja ya mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Matokeo yake ni Matangazo ya Serikali Na. 279 na Na. 436 ya mwaka 1963. Nia ilikuwa umoja wa taifa. Lakini kanuni za urithi zilizoandikwa humo zilimweka mjane nje ya mirathi ya mumewe na binti nyuma ya ndugu zake wa kiume. Mila, ambayo ilikuwa ikibadilika kama tulivyoona kwa majembe na ng'ombe, iligandishwa mahali ambapo mwanamke alikuwa amesimama vibaya zaidi.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ni sheria iliyotangulia wakati wake kwa mambo mengi. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza matakwa ya sheria ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa sifa ya mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo.

Lakini sheria hiyohiyo, kupitia vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Suala hilo lina uzito wa pekee kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliutaja Mkoa wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Mshahara, dhahabu na bei

Mgodi wa Mwadui ulileta kitu ambacho zizi halikukijua: mshahara wa mwisho wa mwezi, mali ya mtu mmoja. Kijana mwenye mshahara hakulazimika kumsubiri baba mdogo wala mjomba. Angeweza kununua ng'ombe wake mwenyewe, au kupeleka fedha taslimu. Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na simlaumu aliyeutumia. Lakini kila ndugu asiyechangia njiti yake alikuwa pia ndugu asiye na sauti siku ya ugomvi.

Wimbi la pili limekuwa la dhahabu. Bulyanhulu, Geita na Buzwagi zilifunguliwa kati ya mwaka 2000 na 2009, na pembeni yake maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo wanahama kutoka rashi moja kwenda nyingine. Katika mazingira hayo mahari imejifunza lugha ya soko. Vijiweni husemwa wazi kwamba binti mweupe huchukua ng'ombe wengi kuliko mweusi. Siku hizi na cheti cha shahada kinatajwa kikaoni, mzazi akidai kurudishiwa ada. Njiti zinapangwa kama zamani, lakini nyingi zina mwenyewe mmoja, naye ana haraka.

Kwa familia maskini iliyozungukwa na bei, binti wa miaka 14 anaanza kuonekana kama akiba. Hapo ndipo mahari inapokutana na takwimu ile ya asilimia 59. Wanaosema tatizo ni mila, wajiulize kwa nini hesabu hiyo inapatana vizuri hivyo na ukame, madeni ya pamba na njaa ya fedha. Na wanaosema tatizo ni umaskini peke yake, wajiulize kwa nini anayeuzwa ni binti.

Sogea tukae

Upande wa pili wa sarafu unaonekana machimboni. Huko vijana wengi wameiona bei, wakaikimbia. Wanaishi kwa utaratibu ambao Watanzania tumeupa jina la mzaha: sogea tukae. Hakuna mshenga, hakuna kikao, hakuna winga, hakuna cheti.

Mchukulie mama lishe wa machimboni. Amemlisha mchimbaji kwa mkopo miezi yote ambayo duara halikutoa kitu. Amezaa naye watoto wawili. Fedha za mauzo yake zimenunua mbao za kuzuia duara lisiporomoke. Siku dhahabu inapoonekana, mwanamume anajenga nyumba kwao na kutoa ng'ombe kwa ajili ya binti mwingine, wa "kuoa kweli". Mama huyu akienda mahakamani, kifungu cha 160 kipo upande wake. Lakini dhana ya ndoa hudai mashahidi, na kambi nzima iliyowafahamu imekwisha kuhamia kwenye rashi nyingine. Butende ya zamani, pamoja na udogo wake, ilijulikana kijijini kwa jina. Hii ya sasa haina hata jina la kuandika kwenye hati ya kiapo.

Na aliyeolewa kwa ng'ombe hayuko salama kama tunavyodhani. Wajane wawili waliokuwa wameolewa chini ya mila ya Kisukuma walifukuzwa na wakwe zao katika nyumba walizoishi na waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za mila zilizotumika ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake kwa wajane hao. Ng'ombe walitolewa, kwato zilionekana, lakini wajibu ulipotakiwa, wenye njiti hawakusimama.

Tufanyeje?

Sipendekezi turudi miaka ya 1940. Hakuna njia ya kurudi huko, na binti zangu nisingewapeleka. Napendekeza tuchukue sehemu ya mila iliyokuwa na akili na kuiunganisha na sheria tuliyonayo.

Kwanza, kikao cha mahari kiwe na muhtasari ulioandikwa. Uwe na tarehe, majina ya waliohudhuria pande zote mbili, kilichokubaliwa, na saini ya binti mwenyewe pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Ikiwa hajatimiza miaka 18, hakuna muhtasari na hakuna kikao. Muhtasari huo uambatane na maombi ya kusajili ndoa, kwa sababu ndoa ya mila nayo husajiliwa, ingawa wengi hawafanyi hivyo.

Pili, watendaji wa vijiji na kata katika maeneo ya machimbo wawe na daftari la kaya linalotaja wanaoishi pamoja. Daftari hilo lisiwe kwa ajili ya kuwatoza faini. Liwe kwa ajili ya siku ambayo mmoja wao atahitaji kuthibitisha miaka miwili ya kifungu cha 160. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, kanuni za urithi za mwaka 1963 zifutwe. Miaka zaidi ya 60 inatosha kwa kanuni iliyomsahau mjane. Anayeitetea kwa jina la mila akumbuke kwamba iliyogandishwa karatasini ni sauti ya wazee wachache wa wakati mmoja.

Jambo la nne halihitaji Bunge wala Halmashauri. Siku hizi kila harusi ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp. Tunachangishana kwa ajili ya sendofu, ukumbi, keki na mapambo. Kamati hukutana wiki baada ya wiki, na kila shilingi ya ahadi huandikwa. Tuna uwezo mkubwa wa kuweka kumbukumbu tukitaka. Wewe msomaji uliye mjumbe wa kamati ya harusi mwezi huu, weka ajenda moja zaidi kabla ya ile ya vinywaji: nani amethibitisha umri wa binti, nani atapeleka fomu kwa msajili, na ni watu gani wanne, wawili kila upande, ambao wanandoa watawapigia simu siku mambo yakiharibika. Yaandikwe majina yao, wayasikie yakisomwa, na waliokaa kimya nao waandikwe.